Mgonjwa wa figo, GFR (kiwango cha figo kuchuja damu) 11, bado hajaanza mashine ya kusafisha damu: tuanze na mkono au shingo?

TabibuUwandani (Newala)

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji mawazo ya watu wa mashine na watu wa kisu, hasa mlioko Mtwara na Lindi, maana mazingira yetu mnayajua.

Mwanaume, miaka 58, mkulima wa korosho. Kisukari miaka 14, presha miaka 9. Kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) mikromoli 480, GFR ikikokotolewa inatoka 11. Miezi minne nyuma kreatinini ilikuwa 390. Potasiamu 5.1. Mkojo anapata, miguu inavimba kidogo jioni, mapafu safi, anakula vizuri, hatapiki. Ekho ya moyo EF (sehemu ya damu ambayo moyo unasukuma nje kila pigo) asilimia 50. Anatumia mkono wa kulia.

Ndugu wameshaambiwa na mtu kwamba "mpira wa shingoni ni haraka, mambo ya mkono baadaye", na wanataka nimwandikie rufaa akawekewe katheta, yaani mpira huo wa kwenye vena ya shingo, wiki hii. Mimi moyo unasita. Maswali yangu:

Kwanza, kuna haja ya katheta sasa hivi? Pili, alipolazwa mara ya mwisho alichomwa kanyula (sindano ya dripu) mara tatu mkono wa kushoto, na vena ya sefaliki (ile ya upande wa kidole gumba) pale kwenye kifundo cha mkono imekuwa ngumu kama kamba ya katani. Mkono huo ndio umekwisha? Tatu, hapa nina ultrasaundi ya wajawazito yenye probu moja ya ziada, ile bapa ya mishipa. Nipime nini hasa kabla sijamsafirisha? Nne, huyu mzee msimu wa kupulizia mikorosho salfa anabeba mota ya kupulizia mwenyewe. Hilo linabadilisha chochote?

Kisu_Taratibu

Dokta, anza na kalenda. Fistula, yaani ateri na vena ya mkono zilizounganishwa, ikishonwa leo inataka wiki 6 hadi 12 vena inenepe na ukuta wake ukaze, na kwa mwenye kisukari mara nyingi ni 12 kuliko 6. Grafti, yaani mrija wa bandia wa PTFE unaopitishwa chini ya ngozi, inachomwa baada ya wiki 2 hadi 3, uvimbe ukishuka. Katheta inatumika siku hiyohiyo. Mzee wako hana kinachomsukuma kwenye mashine leo, kwa hiyo muda upo. Akianza na katheta bila lazima, mnakuwa mmelipia haraka ambayo hakuna aliyeihitaji.

Mkono haujaisha. Uliokufa ni kipande cha vena karibu na kifundo. Mpime hivi, chumba kisiwe na baridi na mkono uwe umening'inia dakika chache:

Presha mikono yote miwili. Ikitofautiana zaidi ya 20, upande wa chini una tatizo la ateri huko juu, usiupeleke kwa mpasuaji kama chaguo la kwanza. Angalia kifua na bega: vena zilizojitokeza kama mizizi, au mkono mmoja mnene kuliko mwenzake, ni dalili kwamba vena kubwa ya kati imebana. Uliza kama aliwahi kuwekewa mpira wowote chini ya mtulinga.

Kipimo cha Allen: bana ateri zote mbili za kifundo kwa vidole gumba, akunje ngumi na kukunjua mara kadhaa hadi kiganja kipauke, kisha achia ile ya alna (upande wa kidole kidogo) peke yake. Damu irudi kiganjani ndani ya sekunde 7 hivi. Ikichelewa, ateri ya radia (upande wa kidole gumba) ya mkono huo usiiguse.

Kwa ultrasaundi, ateri iwe na milimita 2 au zaidi kwa ndani. Vena iwe 2.5 au zaidi ukiwa umefunga mpira juu ya mkono, na unapoibonyeza kwa probu ilale kabisa. Isiyolala ina damu iliyoganda ndani. Ifuate hadi begani usiishie kwenye kiwiko. Vena nzuri ya sentimita 6 halafu ikapotea haimsaidii mtu. Pima na kina chake kutoka kwenye ngozi. Ukuta wa ateri ukiwa na mistari myeupe inayotupa kivuli, hiyo ni chokaa ya kisukari, iandike kwenye rufaa.

Kama umeme umekatika, piga vena kwa kidole kwenye kifundo huku kidole kingine kiko kwenye kiwiko. Wimbi likifika, njia iko wazi. Ni kipimo cha kizee lakini hakidanganyi sana.

Jambo la pembeni ila lina uzito: ukimwambia mgonjwa "utawekewa fistula", huku kwetu watu wanajua fistula ya uzazi. Mzee anaweza kuondoka hapo akiwa na hasira au aibu. Mwambie "tutaunganisha mishipa ya mkono ili upate mshipa wa mashine". Jina la kitaalamu aje alikute kwenye karatasi.

FigoLindi

Naongezea kwenye swali la kwanza. GFR 11 peke yake si sababu ya kuanza mashine. Utafiti wa IDEAL wa Australia na New Zealand, uliochapishwa 2010, uliwagawa wagonjwa 828: kundi moja lilipangiwa kuanza GFR ikiwa 10 hadi 14, jingine lisubiri ifike 5 hadi 7. Vifo havikutofautiana. Maana yake kwako ni kwamba unaruhusiwa kusubiri fistula ikomae, mradi unamwona kila wiki mbili na unajua kinachovunja subira: maji kujaa mapafuni yasiyotii furosemidi (dawa ya kukojosha), potasiamu inayogoma kushuka, kutapika na kukonda, kuchanganyikiwa, au sauti ya kukwaruza kwenye moyo. Kimojawapo kikitokea kabla ya mkono kuwa tayari, hapo katheta ni halali yake, tena bila majuto.

Na ikifika huko, wawekee masharti kwenye rufaa. Upande wa kulia wa shingo kwanza, kwa sababu njia ya kulia inanyooka moja kwa moja kuingia moyoni. Katheta ya muda ya kulia sentimita 15, ya kushoto 20, ya pajani 24 hivi. Fupi ya pajani inanyonya damu ileile iliyotoka kuirudisha, unapoteza saa nne za mashine bure. Ya muda isiyopita chini ya ngozi isizidi wiki 2 shingoni. Ya pajani siku 5, na mwenye nayo hapandi basi la Newala. Kama fistula bado ina wiki nyingi, iwekwe ile ya kudumu inayopitishwa chini ya ngozi ya kifua, yenye kola ya kitambaa inayoshikwa na nyama baada ya wiki chache.

Chini ya mtulinga KATAA. Vena ya pale ikijeruhiwa inabana miezi baadaye bila dalili, halafu siku fistula ya mkono huo inapofunguka, mkono wote unavimba kama gunia. Katheta ya wiki mbili imekula mkono mzima.

SistaMashine_MTW

Habari dokta. Mimi niongelee yale yanayotokea baada ya wao kushona, maana njia ya damu inachaguliwa pia kwa kuangalia nani ataitunza na wapi.

Mashine inataka pampu ivute mililita 300 kwa dakika, wakati mwingine 350. Fistula yenyewe lazima ipitishe kama 600 ili pampu isije ikakausha mshipa. Tunatumia kanuni ya sita: mililita 600, upana milimita 6, kina kisichozidi milimita 6, na uangaliwe wiki ya 6. Kina wengi wanakisahau. Mgonjwa mnene anaweza kuwa na vena ya milimita 8 iliyolala sentimita moja na nusu ndani, na hakuna sindano itakayoipata mara tatu kwa wiki bila kuichana.

Mara ya kwanza tunachoma sindano ya geji 17 (namba ya geji ikipungua, sindano ni nene zaidi), pampu 200 hadi 250. Kama ana katheta bado, sindano moja tu kwenye fistula na njia ya pili kwenye katheta, hadi mshipa uzoee. Geji 16 inabeba hadi 350, geji 15 zaidi ya hapo. Ukiweka geji 17 na pampu 350, presha ya kuvuta inashuka chini ya hasi 250 na chembe za damu zinapasuka. Sisi hatupiti hasi 200.

Sindano ya kuvuta ikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye kovu la upasuaji, na ncha za sindano mbili ziachane sentimita 5. Ya kurudisha sikuzote ielekee moyoni. Pembe ya kuingilia ni digrii 25 kwa fistula; grafti iko ndani zaidi na ukuta wake mgumu, hiyo ni 45. Na hamishahamisha: leo hapa, keshokutwa sentimita moja juu, kama anayepanda ngazi. Kuchoma palepale kwa sababu ngozi imekufa ganzi na mgonjwa halalamiki ndiko kunakoleta yale mafundo makubwa yenye ngozi nyembamba inayong'aa. Hilo fundo likipasuka nyumbani, ni dakika chache.

Ndugu wafundishwe hilo mapema: damu ikiruka, kidole kimoja na gozi ndogo (shashi ya kidonda) juu ya tundu, bonyeza, inua mkono, ita msaada. Khanga nzima ikizungushiwa inafyonza damu tu, haibonyezi tundu.

Sasa salfa. Mota inayobebwa mgongoni ina mikanda inayopita juu ya mabega na kifua. Katheta ya kudumu inatokea palepale kifuani. Mkanda unaisugua, jasho linalowesha plasta, vumbi la salfa linaingia chini yake. Kwa mtu anayebeba mota, katheta ni msimu wa maambukizi. Fistula ya mkono inaweza kuishi na shamba, kwa masharti: asibebe mzigo kwa mkono huo ukiwa umekunjwa, asifunge saa, bangili wala hirizi juu ya kovu, asiulalie, asichanjwe chale hapo. Na kama nyumbani wanabangua korosho, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Mkono wa mashine ukae mbali.

Kila asubuhi aweke vidole. Mtetemo uwepo, kama simu isiyo na sauti inayoita chini ya ngozi. Ukikosekana asisubiri siku ya mashine. Anakuja leo, kwa sababu damu iliyoganda jana inaweza kuzibuliwa, ya wiki iliyopita imeshashikana na ukuta.

TabibuUwandani

Asanteni sana. Nimempima leo, majibu haya:

Presha kulia 148, kushoto 146. Kifua hakina vena za ajabu, hajawahi kuwekewa mpira. Allen kushoto sekunde 4, kulia sekunde 5.

Kushoto: ateri ya radia 1.9 yenye chokaa. Sefaliki ya mkono wa chini imeziba kama sentimita 5 kutoka kifundoni. Sefaliki ya mkono wa juu 3.4, kina milimita 4, inalala yote hadi begani. Ateri ya brakia (ile kubwa ya mkono wa juu) 4.2.

Kulia: radia 2.2, chokaa kidogo. Sefaliki kwenye kifundo 2.8.

Kwa hiyo niko njia panda: kifundo cha kulia, au kiwiko cha kushoto?

Kisu_Taratibu

Kazi safi. Wapasuaji wengi hawapati rufaa yenye namba hizi.

Ningekwenda kiwiko cha kushoto, brakia na sefaliki. Sababu ya kwanza ni vena: 3.4 iliyo na kina cha 4 iko karibu tayari, haihitaji kupasuliwa tena kuinuliwa. Ya pili ni chokaa: ateri iliyokauka haipanuki, na fistula inakua kwa ateri kupanuka. Kifundo cha mgonjwa wa kisukari wa miaka 14 mara nyingi kinatetema vizuri wiki ya kwanza halafu kinabaki vilevile miezi mitatu. Ya tatu, mkono wa kulia ndio unaoshika panga, na mkono wa mashine unakaa saa nne bila kutumika.

Hatari yake ni mkono kuibiwa damu. Brakia ni ateri kubwa, tundu likiwa pana damu yote inakimbilia kwenye vena na vidole vinabaki na njaa. Ndiyo maana pale tundu linaachwa milimita 4 hadi 6 tu. Mgonjwa aambiwe dalili: vidole baridi kuliko vya kulia, maumivu hasa akiwa kwenye mashine, ganzi, kidonda kisichopona kwenye ncha ya kidole. Udhaifu wa kiganja unaotokea saa chache baada ya upasuaji ni dharura, arudishwe usiku huohuo.

Na EF 50 inaruhusu, ila ekho irudiwe fistula ikishakomaa. Fistula ya kiwiko inaweza kupitisha lita moja na zaidi kwa dakika, na moyo ndio unaolipa.

Upasuaji ni ganzi ya sehemu, saa moja hivi. Mambo yanayoiua siku ya kwanza ni ya kizembe kabisa: bandeji iliyozungushwa mkono mzima, presha iliyoshushwa sana, na mgonjwa aliyekaushwa maji kwa furosemidi asubuhi ya upasuaji. Weka plasta ndefu tu, usizungushe.

FigoLindi

Naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu. Kanuni ya zamani ya kuanzia chini kwenda juu ina maana yake: kifundo cha kulia kikifa, kiwiko cha kulia bado kipo. Mtu wa miaka 58 anaweza kuwa na miaka mingi ya mashine mbele, na ukianza na kiwiko, mkono wa chini wa upande huo umeuruka.

Ila kwa namba hizi, na kwa kuwa ana miezi michache tu, nakubali kiwiko cha kushoto. Mwongozo wa KDOQI (wa wataalamu wa figo wa Marekani) wa 2019 nao uliacha ule wimbo wa fistula kwanza kwa kila mtu, ukataka mpango wa mgonjwa mmoja mmoja: njia hii ikifa, inayofuata ni ipi? Andika mpango huo kwenye faili: kiwiko kushoto, kisha kifundo kulia, kisha basiliki (vena ya upande wa ndani wa mkono) kushoto ya kupandishwa juu, kisha grafti. Shingo ya kulia ibaki akiba ya dharura.

Angalizo la grafti huku kusini: ikiziba inataka mtu wa kuizibua ndani ya siku mbili. Mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika Somanga, mgonjwa ambaye fundi wake yuko Dar asingefika kwa wakati. Njia isiyohitaji fundi mara kwa mara ina thamani zaidi huku kuliko kule.

Mbuyuni_ICU

Pembeni kidogo kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na wagonjwa tofauti: haya ya fistula ni ya mashine ya figo ya kudumu. Kubadilisha plazima (maji ya damu) kwa mashine inayozungusha damu kunahitaji mililita 50 hadi 100 tu kwa dakika, na vena nzuri ya kiwiko yenye geji 17 inatosha. Mgonjwa wa Guillain-Barré (kinga ya mwili kushambulia neva) anamaliza mara 5 ndani ya wiki mbili. Asipokuwa na vena, katheta ya muda shingoni inamtosha. Vivyo hivyo figo iliyofeli ghafla kwa malaria kali au damu ya uzazi: inaweza kuamka, usikimbilie kumshona mkono.

SistaMashine_MTW

Nilisahau moja kuhusu katheta, kwa vile dokta unaweza kupokea mgonjwa wa mtu mwingine zahanati ikiwa karibu na kwake.

ISIGUSWE na asiye wa mashine. Ndani ya kila mrija kuna heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mara nyingi uniti 5,000 kwa mililita. Mirija miwili, kila mmoja mililita 1.5: hizo ni uniti 15,000 zimekaa zinasubiri. Mtu akiona "laini ya dripu" akasukuma dawa humo bila kuvuta kwanza, mgonjwa anapata zote kwa mkupuo na kuanza kutoka damu kila mahali. Sisi tunavuta mililita 5 kila upande na kutupa, ndipo tunaunganisha. Tukimaliza tunajaza kiasi kilichoandikwa kwenye kibano cha mrija, si kukadiria kwa macho.

Na mwenye katheta akitetemeka kwa baridi na homa, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ipimwe, sawa, lakini malaria ikitoka chanya isiwafanye muache kuotesha damu kutafuta bakteria. Anaweza kuwa na vyote viwili. Chupa mbili za kuotesha kabla ya antibiotiki.

TabibuUwandani

Nimewaelewa. Nimekaa na mzee na mwanawe mkubwa, katheta wameiacha, rufaa ni ya kiwiko cha kushoto. Swali dogo la mwisho: potasiamu na kreatinini nitampima kila wiki mbili hadi afike mashine. Damu nichukue wapi, maana nusu ya mishipa mmenikataza?

Kisu_Taratibu

Nyuma ya kiganja cha kulia, sindano ya kipepeo geji 23. Kanyula ikilazimu, palepale nyuma ya kiganja, na itoke siku haitumiki. Kifundo na kiwiko usiguse upande wowote, hata wa kulia, kwa sababu kifundo kile cha 2.8 ndicho zamu ya pili. Maabara watalalamika kwamba damu inatoka polepole. Wavumilie.

SistaMashine_MTW

Na kwenye kadi yake ya kliniki andika kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa mbele, mahali muuguzi wa zamu ya usiku atapaona kabla hajashika kifaa cha presha: MKONO WA KUSHOTO USICHOMWE, USIPIMWE PRESHA. Mpe na mpira laini aanze kuminya kuanzia leo, dakika 10 asubuhi na jioni, halafu baada ya upasuaji aendelee kidonda kikishakauka.